Ukurasa wa Misuko

Watu wakisikia nauza magazeti ya zamani wanadhani nauza ya kufungia maandazi. Nimechoka kuwarekebisha. Mimi ni fundi cherehani hapa Kilosa, na majarida hayo nilianza kuyakusanya nikiwa binti kwa ajili ya mishono tu. Mteja anakuja na kitambaa hajui anataka nini. Unamfungulia jarida, anachagua kola, anachagua mikono, kazi inaanza. Mafundi wenzangu walipoona mitindo imepitwa na wakati waliyabandika ukutani au waliyapeleka kwa wauza karanga. Mimi sikutoa hata moja. Haikuwa hekima, ulikuwa uchoyo wa kawaida: changu kikishaingia ndani kwangu hakitoki.

Siku moja nilipiga picha jalada moja nikaliweka mtandaoni, nikiuliza nani anakumbuka gauni la namna ile. Badala ya kukumbuka, watu wakauliza bei. Tangu hapo nina ukurasa wangu na wateja wangu, na ni watu wa ajabu kidogo. Mmoja hutafuta matangazo ya sabuni, mwingine hununua kwa sababu ya barua za wapenzi waliogombana kabla yeye hajazaliwa. Masharti yangu ni machache na hayana mjadala. Naonyesha jalada, naeleza kilichomo, lakini picha za ndani sitoi. Ukitoa, mtu anazihifadhi kwenye simu yake, anakuambia asante dada, na wewe unabaki na karatasi zako.

Ndiyo maana nilishangaa mteja mmoja aliponiomba mwenyewe nisimpigie picha ya ndani.

Alikuwa mwanamke wa Mbeya, mdogo wangu kwa miaka kumi na kitu. Aliniandikia kwa adabu, shikamoo kwanza, kisha akaeleza. Mama yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Picha zote za mama zilikuwa nyumbani kwa bibi yake, na nyumba ile iliungua. Kilichobaki ni maneno ya bibi: mama yako alitoka gazetini, alipokuwa chuo Morogoro, kwenye ukurasa wa misuko, nywele amesukwa kwa uzi, gauni lina kola nyeupe. Bibi naye alishakufa. Mwanamke huyu alikuwa na watoto wakubwa, na hakuwahi kuuona uso wa mama yake. Miaka yote alikuwa akitafuta jarida lile, na jalada nililoweka lilikuwa na maneno yanayotaja misuko.

Nilikwenda kulifungua. Ukurasa ulikuwa katikati kabisa, mabinti kadhaa na nywele zao, na chini ya mmoja pameandikwa: Binti wa chuo, Morogoro. Uzi upo, kola nyeupe ipo. Nikamwandikia neno moja, yupo.

Alinipigia simu. Akasema, "Dada, nakuomba usinipigie picha ya ukurasa huo. Nikimwona mara ya kwanza kwenye simu, nitakuwa nimemwona kama ninavyowaona watu wote. Nakuja. Nataka nimshike."

Tukakubaliana Jumamosi, Mikumi, kwa sababu mabasi ya Mbeya hupita Mikumi na hayaingii Kilosa. Nilimwahidi kwamba hakuna mkono mwingine utakaoligusa. Nikalitia jarida kwenye mfuko wa nailoni, nikaliweka juu ya mengine ndani ya sanduku, nikasukuma sanduku chini ya kitanda.

Jumatano mjomba akafariki.

Alikuwa kaka wa mama yangu, mzee mpole aliyekaa chumba cha uani kwangu, na hakuwahi kuoa. Sababu hakumwambia mtu. Ukimwuliza alicheka, na mwisho tuliacha kumwuliza. Msiba ukawekwa kwangu. Kama ilivyo desturi, nyumba ilitolewa vitu ili watu wapate pa kukaa: makochi kwa jirani, cherehani kibarazani, vitanda uani. Sanduku likatolewa na kina mama wasiojua ni la nini, wakaliweka jikoni. Mimi nilikuwa kwenye mkeka nimemshika mama mkono, sikuona.

Halafu wakaja watani.

Ukoo wetu una utani na ukoo mmoja wa Masanze tangu enzi za mababu. Msibani mtani ana ruhusa ambayo hana mtu mwingine. Atamwigiza marehemu mbele ya wafiwa, atalala njiani jeneza lisipite, atachukua chochote ndani ya nyumba na kukishikilia mpaka mkikomboe. Anafanya hivyo ili mcheke kidogo, uchungu usiwaue na ninyi. Sharti ni moja tu, humkasirikii. Mfiwa anayemkasirikia mtani amejiaibisha yeye na ukoo wake wote. Kwa mtu wa hasira kama mimi, hilo si sharti dogo.

Kiongozi wao alikuwa mwanamke mkulima wa mpunga, amenizidi umri kidogo. Huyu mama ana kipaji: akikutazama mara moja tu, anakuiga mpaka unajiogopa. Alhamisi asubuhi alitokea jikoni amevaa miwani yangu, futi yangu ya kupimia shingoni, sanduku langu kichwani.

"Karibuni wateja!" akapaza sauti, na ilikuwa sauti yangu, na ule mdomo wangu wa kubinua. "Magazeti ya kale! Usiguse! Usifungue! Usipumue! Picha za ndani sitoi!"

Watu walianguka kwa kicheko. Mama yangu, ambaye tangu jana yake alikuwa amekataa hata uji, alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa khanga. Mimi nilicheka kwa meno tu. Nilikuwa namwona anavyolamba kidole na kupekua, jarida moja baada ya jingine, akiwaonyesha kina mama picha na kupunguza bei kila akifungua ukurasa. Damu ilinipanda kichwani. Nikajikaza.

"Mtani, rudisha sanduku langu."

"Mmesikia? Kuna mtu anaongea bila kuku."

Nikatoa jogoo wangu, tena yule mkubwa, bila kubishana. Walimzungusha uwanjani kama mateka, wakajadiliana kama ametosha, na mwishowe sanduku likarudi. Nilitazama haraka. Mfuko wa nailoni upo, jarida limo, jalada halina hata mkunjo. Nikalipeleka sanduku kwa jirani, nikalifungia chumbani kwake, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga. Moyo ukatulia. Kurasa sikuzifungua.

Ijumaa tukamzika. Jeneza liliwekwa kibarazani ili watu wamuage, kwaya ikiimba taratibu. Mtani akaja amevaa kofia ya mjomba, anatembea mwendo ule ule wa mjomba wa kuburuta mguu mmoja, na hapo hapo kilio kikachanganyika na kicheko. Akasimama mbele ya jeneza, akatoa kifuani karatasi iliyokunjwa vizuri.

"Mjomba, umetusumbua sana na ukapera wako. Kule unakokwenda utaingiaje peke yako kama umepotea njia? Tumekuletea mke. Mzuri, msomi, na hana makuu."

Akaichomeka karatasi kwenye mfuko wa koti la marehemu, juu ya moyo, akaipigapiga. Mchungaji alitazama chini kuficha tabasamu. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa moyo wote, mara ya kwanza tangu Jumatano, nikamwona mjomba wangu kweli kama bwana harusi, nikampenda mtani kwa ajili ya hilo. Mfuniko ukapigiliwa misumari.

Makaburini jeneza lilikuwa tayari linashuka kwa kamba mtani aliposogea ubavuni kwangu. Aliniona machozi yananitoka, akataka kunifariji. Aliniinamia sikioni.

"Usilie hivyo, mtani. Sikumpa ovyo ovyo. Nimemchagua mwenyewe kwenye magazeti yako. Binti wa chuo, yule wa nywele za uzi."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Mtoto wa mtu alikuwa anajiandaa kusafiri kuja kumwona mama yake, na mama yake alikuwa anateremka shimoni mbele yangu, ndani ya mfuko wa koti. Koleo la kwanza lilikuwa limeshachota udongo.

"Subirini!" nikapiga kelele. "Msifukie! Msimfukie!"

Nani atanisikiliza? Hakuna mazishi yetu ambayo mtu hapigi kelele hizo. Kina mama wawili wenye nguvu walinidaka kabla sijamaliza. "Pole mama. Jikaze. Mwachie Mungu." Nikasema kuna karatasi, fungueni, kuna karatasi ya watu ndani. "Amechanganyikiwa, mpeni hewa." Kadiri nilivyopigana ndivyo walivyonikumbatia. Mtani mwenyewe akawa ananipepea kwa khanga yake. Nilisikia udongo ukigonga mbao, halafu nikasikia udongo ukianguka juu ya udongo mwenzake, na kwaya ikapandisha sauti.

Tuliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa jirani. Jarida lilifunguka katikati kirahisi mno. Ukurasa ulikuwa umechomolewa kwenye pini zake kwa uangalifu, bila kuchanika, kazi ya mtu mwenye mikono mizuri. Nikatoka nalo mpaka uwanjani, watani wakiwa wamekaa wanakula, na nikasema. Niliyoyasema siyaandiki. Nilimwita mwizi, na hilo ndilo lililokuwa dogo kuliko yote. Vijiko vilisimama. Watu walitazama sahani zao kwa aibu, na aibu hiyo ilikuwa yangu.

"Mwanangu," mama akasema, "huyo ni mtani."

"Namjua ni nani."

Mtani alinawa mikono, taratibu, akainuka. Hakuna utani uliobaki usoni kwake. "Najua nimechukua karatasi," akasema. "Kumbe nimechukua nini?"

Nikamweleza, bibi, nyumba iliyoungua, basi la kesho. Alikaa chini kwenye vumbi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Tufukue?" Hakuniuliza mimi, alimtazama mama. Mama alikuwa amemzika kaka yake saa hiyo hiyo, na uso wake ulitosha kuwa jibu. Sikulirudia neno lile, na hakuna aliyelirudia.

"Basi kesho nakwenda na wewe Mikumi," mtani akasema.

"Sikuhitaji."

"Sikukuomba ruhusa."

Asubuhi nilimpigia mteja wangu nimwambie asije. Nilikuwa nimepanga maneno yote. Alipokea kabla simu haijaita vizuri, nyuma yake inanguruma injini. "Dada, shikamoo! Nimeshapanda. Usingizi ulinikataa kabisa. Nimeshona gauni, eti, kama mwanafunzi anayeanza shule." Maneno yangu yakayeyuka. Nikamtakia safari njema. Mtani alikuwa ananitazama na hakusema kitu, na hilo lilinitia hofu zaidi, kwa sababu sijawahi kumwona akiwa kimya.

Njia ilikuwa tope. Gari letu lilikwama mara mbili, na mara zote mbili niliomba libaki pale pale. Halikubaki. Mikumi tukafika mapema kuliko basi, tukasimama kituoni kati ya wauza mahindi na malori yaliyopumzika, mimi nimeshika jarida lenye tundu katikati, sijui hata nilikuwa nalipeleka la nini. Kila basi liliposimama nilitazama wanaoshuka. Nilikuwa natafuta gauni jipya, maana macho yangu huanzia kwenye nguo, lakini siku hiyo kila mwanamke aliyeshuka alionekana kavaa gauni jipya.

Ghafla mtani akanikamata mkono kwa nguvu.

"Yule."

"Yupi?"

"Yule wa kijani, mlangoni mwa basi. Mungu wangu. Mtani, ndiye yule. Ndiye niliyemtia mfukoni."

Mwanamke wa gauni la kijani alisimama kwenye ngazi ya basi, anatazama juu ya vichwa vya watu, anatafuta mtu asiyemjua. Nilipoinua mfuko wa nailoni alikuja mbio mbio.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Akanyoosha mikono miwili. Nilimpa jarida, kwa sababu sikujua la kufanya jingine, na nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia msiba mpaka udongo. Sikupunguza na sikujitetea. Alisikiliza bila kupepesa. Kisha akafungua jarida mpaka katikati, akaweka kiganja mahali palipokuwa na ukurasa, akakiacha pale.

"Alikuwaje?" akaniuliza.

Nikaanza. Kola pana ya mviringo, nyeupe, imezungushiwa lesi nyembamba. Vifungo vidogo mbele, vimevikwa kitambaa. Pindo limeshonwa kwa mkono, unajua kwa jinsi lilivyolala.

"Uso, dada."

Miaka yote ile nilikuwa nalo jarida ndani kwangu, nililifungua siku ile kwa ajili yake, nikasoma maneno ya chini, nikatazama uzi, nikatazama kola. "Mimi ni fundi wa nguo," nikamwambia. "Nilitazama nguo." Hapo ndipo nililia. Sijawahi kuona aibu kama ile, hata uwanjani sikuiona.

Alikaa kwenye benchi la muuza chai. Mtani akachuchumaa mbele yake bila kutambulishwa.

"Niliyeutoa ukurasa ni mimi," akasema. "Nilikuwa namtafutia mjomba wa hawa mke. Nilipekua sanduku zima, na yule nilimtazama kuliko wote, maana kumwoza mtu si jambo la mchezo hata ukiwa unacheza. Leo nimekuona unashuka kwenye basi, kabla hujasema neno, nikadhani amefufuka."

"Kwetu wote wanasema nimefanana na baba."

"Waongo," akasema mtani.

Mwanamke akatoa simu yake kwenye pochi, akampa. "Nionyeshe," akasema.

Mtani akafuta vidole kwenye khanga, akaipokea, akaiinua. Nilimjua kwa kuiga watu. Sikuwahi kumwona akimtazama mtu hivi. "Nyusi ndizo hizo hizo. Paji la uso ndilo. Pua, hiyo kweli umepewa na baba yako, lakini tukikuweka upande haionekani. Geuka kule. Zaidi. Teremsha kidevu kidogo. Mabega, yeye aliyalegeza. Ndiyo hivyo. Sasa, yeye alikuwa anacheka."

"Siwezi kucheka."

"Lazima. Bila kucheka si yeye."

Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. Ndipo nikaona uso wa mtani unabadilika, ule ukorofi wake unarudi, na nikaogopa kweli. Nilitaka nimvute khanga, nimwambie huyu si wa ukoo wetu, huyu hana utani na wewe, nyamaza. Nilichelewa.

"Basi sikiliza, mwanangu. Mama yako tumemwoza jana Kilosa, hatukuwauliza, na mahari hatukutoa. Kama umekuja kudai, utasubiri, maana bwana harusi amelala na hataki kuamshwa."

Hata muuza chai alisimama na birika mkononi. Yule mwanamke alimkodolea macho. Niliuona mkono wake unainuka kutoka kwenye jarida, nikajua anampiga, na nikajua ana haki. Lakini mkono ulikwenda kifuani kwake mwenyewe, na kitu kikamtoka kooni, kilio au nini, kikapasuka kikawa kicheko, kicheko kikubwa chenye machozi, kichwa kikaenda nyuma.

"Hapo!" mtani akapiga kelele mpaka kituo kizima kikageuka. "Hapo hapo! Usisogee!"

Akabonyeza. Akaitazama picha, akatikisa kichwa kukubali, akamrudishia simu kimya kimya. Yule mwanamke aliipokea kwa mikono miwili, akajifuta macho kwanza ili aone vizuri, akainama.

"Shikamoo, mama," akasema.